Wanazuoni wa Sheria, Uhuru wa Habari na Dola: Mfano wa Kilosa na Mikumi, 1970–2025

1.0 Utangulizi

Historia ya sheria za habari nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata sheria zenyewe: mwaka zilipotungwa, vifungu vilivyolalamikiwa na magazeti yaliyofungiwa. Mkabala huo una manufaa, lakini huwaacha pembeni watu waliozifundisha sheria hizo, waliozikosoa na, wakati mwingine, waliopewa jukumu la kuzisimamia. Insha hii inachunguza kazi za wanazuoni wawili wa sheria ambao majina yao yanahusishwa na Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Wa kwanza ni Profesa Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946. Wa pili ni Profesa Palamagamba Kabudi, aliyeingia bungeni mwaka 2020 akiwa mbunge wa jimbo la Kilosa, na ambaye Desemba 2024 aliteuliwa kuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Wote wawili walikuwa walimu katika Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja alibaki nje ya baraza la mawaziri katika maisha yake yote ya kazi. Mwingine aliingia ndani.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba tofauti ya njia zao haielezeki kwa kuitazama hulka ya mtu peke yake. Inaelezeka vizuri zaidi kwa kuutazama muundo wa sheria ya habari wenyewe, ambao tangu ukoloni umeweka uamuzi wa mwisho kuhusu nani aseme mikononi mwa mtendaji mkuu wa serikali. Mwanazuoni anapoukaribia muundo huo hukabiliwa na swali lilelile: je, elimu yake itaubadili muundo, au muundo utaitumia elimu yake?

2.0 Kilosa na Mikumi: Mahali na Usuli

Kilosa iko kando ya Mto Mkondoa, magharibi mwa mji wa Morogoro. Wajerumani waliifanya kituo cha utawala, na Reli ya Kati ilipita hapo kabla ya kufika Kigoma mwaka 1914. Reli ilifuatwa na mashamba makubwa ya mkonge, hasa katika maeneo ya Kilosa na Kimamba, na mashamba yalivuta vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Katika miaka ya 1960 tawi la reli lilijengwa kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia ikawa inakata katikati yake. Mwaka 2024 treni za reli ya kisasa zilianza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma zikipita katika mahandaki ya milima ya Kilosa.

Maelezo hayo mafupi yanaonesha jambo moja la msingi. Kwa zaidi ya karne moja, ardhi ya wilaya hii imegawanywa kwa maamuzi yaliyofanywa mbali na wakazi wake: shamba la mkonge, hifadhi, barabara, reli. Mkulima wa Kilosa alihitaji kujua nani amepewa ardhi, kwa muda gani na kwa masharti yapi. Habari hizo zilikuwa katika majalada ya serikali. Kwa hiyo, katika wilaya kama hii suala la uhuru wa habari haliwahusu waandishi wa mijini pekee. Ni suala la shamba na malisho. Mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, ambapo watu 38 walipoteza maisha katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, yaliionesha nchi nzima gharama ya migogoro ya ardhi isiyopata mahali pa kusikilizwa kwa wakati na kwa uwazi.

3.0 Cheche na Funzo la 1970

Shivji alisoma sheria Dar es Salaam, chuo kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, akahitimu mwaka 1970. Miaka hiyo wanafunzi wa mrengo wa kushoto, kupitia umoja wao wa kimapinduzi na Umoja wa Vijana wa TANU tawi la chuo, walianzisha jarida lililoitwa Cheche. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha, katika toleo maalumu, andiko refu la Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yasiyosikika. Andiko hilo lilidai kwamba utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha la 1967 haukuwa umekata mizizi ya utegemezi wa kiuchumi, na kwamba tabaka jipya la watendaji lilikuwa likijijenga ndani ya dola.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Cheche ilipigwa marufuku na umoja wa wanafunzi uliokuwa nyuma yake ukavunjwa. Sababu iliyotolewa ilihusu taswira: jina la jarida, lililofanana na lile la gazeti la wanamapinduzi wa Urusi, lilionekana kuashiria kwamba Tanzania inaiga ujamaa wa kigeni. Mwaka uliofuata jarida lingine, MajiMaji, lilichukua nafasi yake likiwa chini ya tawi la vijana wa chama.

Tukio hili lina uzito wa kisheria unaozidi ukubwa wa jarida lenyewe. Kwanza, Cheche haikuwa chombo cha wapinzani wa ujamaa. Waandishi wake waliutaka ujamaa wenye kina zaidi. Marufuku, kwa hiyo, haikutofautisha ukosoaji wa kirafiki na uhasama. Pili, uamuzi ulifanywa kiutawala. Hapakuwa na mashtaka, hakimu wala fursa ya kujitetea. Utaratibu huo ulilingana na mwelekeo wa sheria ya wakati ule: Sheria ya Magazeti ya kikoloni ya mwaka 1928 ilikuwa imerekebishwa mwaka 1968 ili kumpa Rais uwezo wa kupiga marufuku gazeti kwa maslahi ya umma. Sheria ya Magazeti Na. 3 ya mwaka 1976 iliurithi uwezo huo na kumpa pia waziri nafasi ya kufungia magazeti. Wakoloni walikuwa wameondoka, lakini funguo za kufungia magazeti zilibaki mahali palepale.

Kwa Shivji, hata hivyo, kalamu haikukoma. Baada ya shahada ya uzamili London, alirudi kufundisha Dar es Salaam na akapata shahada ya uzamivu hapo mwaka 1982 kwa utafiti kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi. Mwaka 1989 alichapisha kitabu kuhusu dhana ya haki za binadamu barani Afrika, akisisitiza haki ya watu kujipanga na kujisemea badala ya kusubiri haki kama hisani ya dola. Mwaka 2006 safu alizokuwa akiandika magazetini zilikusanywa katika kitabu ambacho jina lake lenyewe ni wito: watu waachwe waseme.

4.0 Tume ya Ardhi: Habari kama Haki ya Mwanakijiji

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi na kumteua Shivji kuwa mwenyekiti. Tume ilifanya mikutano ya hadhara katika mikoa ya Tanzania Bara na kukabidhi taarifa yake mwaka 1992. Hapa ndipo mwanazuoni huyu alipokaribia zaidi meza ya serikali, na ndipo mipaka ya ukaribu huo ilipoonekana.

Tume ilipendekeza mamlaka ya juu ya umiliki wa ardhi yaondolewe mikononi mwa mtendaji mkuu. Ardhi ya taifa iwekwe chini ya chombo huru kitakachowajibika kwa Bunge, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Aidha, ilipendekeza migogoro isikilizwe na mabaraza ya wazee, hadharani, mbele ya wanakijiji wenyewe. Mapendekezo hayo kwa kawaida husomwa kama mapendekezo ya sheria ya ardhi. Yakisomwa pamoja na historia ya Cheche, yanaonekana pia kuwa mapendekezo ya sheria ya habari. Mkutano mkuu wa kijiji unaomiliki ardhi ni lazima uambiwe nani anaomba kipande gani. Baraza linalosikiliza hadharani haliwezi kuficha ushahidi. Uwazi ulijengwa ndani ya muundo wa umiliki, haukuachiwa nia njema ya ofisa.

Serikali haikukubali kiini cha mapendekezo hayo. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, ziliendeleza kanuni kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Baadhi ya mapendekezo yaliingizwa, lakini muundo wa mamlaka ulibaki. Shivji alieleza kutoridhika kwake katika kitabu cha 1998 kilichohoji kama mageuzi hayo yalikuwa yamefikia demokrasia. Alishiriki pia kuanzisha taasisi ya HAKIARDHI, iliyofanya utafiti na kutoa elimu ya haki za ardhi vijijini. Kati ya 2008 na 2013 alishika Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, na baadaye aliongoza Kavazi la Mwalimu Nyerere chini ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Neno lenyewe, kavazi, linabeba wazo la kuhifadhi kumbukumbu ili zisomwe, si ili zifungwe.

5.0 Kutoka Kitivoni hadi Baraza la Mawaziri

Palamagamba Kabudi alizaliwa mwaka 1956. Alisoma sheria Dar es Salaam katika miaka ya 1980, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu Huria cha Berlin, na baadaye akawa mkuu wa kitivo chake cha sheria. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1995 ulilinganisha maamuzi ya mahakama kuhusu haki za msingi katika Tanzania, Kenya na Uganda. Wakati wa kuchapishwa kwake mada hiyo ilikuwa changa: Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 na ikaanza kutetewa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 18, inayohusu uhuru wa maoni, ilikuwa bado imefungwa na masharti yaliyoiweka chini ya sheria nyingine za nchi, hadi iliporekebishwa mwaka 2005. Tume ya Jaji Francis Nyalali, kwa upande wake, ilikuwa imeitaja Sheria ya Magazeti ya 1976 miongoni mwa sheria 40 kandamizi.

Mwaka 2012 Kabudi aliteuliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya pili ya tume hiyo, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilitenga masharti mahususi kuhusu uhuru wa habari na vyombo vya habari, mbali na uhuru wa maoni wa mtu binafsi. Mchakato ulipita Bunge Maalumu mwaka 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa na haikufanyika. Kwa mara ya pili katika historia inayochunguzwa hapa, tume yenye wanazuoni iliandika muundo mpya, na muundo wa zamani ukaendelea.

Januari 2017 Rais John Magufuli alimteua Kabudi kuwa mbunge, na Machi mwaka huohuo kuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Katika wadhifa huo alisimamia sheria za 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili na akaongoza mazungumzo na kampuni ya Barrick Gold, yaliyozaa kampuni ya Twiga ambayo serikali ina hisa ya asilimia 16. Kuanzia Machi 2019 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ni katika kipindi hicho, Novemba 2019, Tanzania iliondoa tamko lake la 2010 lililowaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Serikali ilieleza kwamba tamko hilo lilikuwa likitekelezwa kinyume na masharti iliyokuwa imeyaweka. Asasi za haki za binadamu ziliona mlango wa mwananchi ukifungwa.

Mtafiti anaweza kushawishika kulinganisha kitabu cha 1995 na hatua ya 2019, kisha akatoa hukumu. Ulinganisho huo una nguvu, lakini hautoshi. Waziri hufungwa na uwajibikaji wa pamoja wa baraza, na uamuzi wa dola hauwezi kuhesabiwa kuwa wa mtu mmoja. Swali la kihistoria lenye manufaa zaidi ni hili: kwa nini katika mfumo huu elimu ya haki za binadamu haikuja na nafasi ya kikatiba ya kuitetea ndani ya serikali? Hapo ndipo inapodhihirika kwamba kubadilisha mtu hakubadilishi kiti.

6.0 Sheria, Teknolojia na Leseni

Wakati huohuo uwanja wa habari ulikuwa ukibadilika kwa kasi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 iliunganisha usimamizi wa mawasiliano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilifanya uchapishaji wa taarifa za uongo mtandaoni kuwa kosa la jinai. Sheria ya Huduma za Habari Na. 12 ya 2016 ilifuta Sheria ya Magazeti ya 1976, lakini ikahitaji magazeti yawe na leseni na waandishi wawe na ithibati. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni, na gharama za kuanza zilizidi shilingi milioni mbili. Kwa kijana wa Mikumi aliyetaka kuandika habari za mji wake, kiasi hicho kilikuwa kizuizi kikubwa kuliko marufuku yoyote.

Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, vikiwamo vinavyohusu kashfa ya jinai, uchochezi na uwezo wa waziri wa kuzuia machapisho. Marekebisho ya Juni 2023 yaliondoa kashfa ya jinai. Leseni na ithibati zilibaki.

Kabudi aliondoka katika baraza la mawaziri Januari 2022, akarudi Agosti 2024 katika Katiba na Sheria, na Desemba mwaka huo akapelekwa Wizara ya Habari. Mapema mwaka 2025 Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilianza kazi chini ya wizara hiyo, mwenyekiti wake akiwa mtangazaji mkongwe Tido Mhando. Wanaoiunga mkono bodi hiyo huiona kama njia ya kuinua heshima ya taaluma, sawa na ilivyo kwa mawakili na madaktari. Wanaoipinga hujibu kwamba kutibu na kutetea mahakamani ni kazi za ujuzi maalumu, ilhali kusema ni haki ya kila raia chini ya Ibara ya 18. Ubishi huu haukuanza 2025. Ni ubishi wa Cheche ukiwa umevaa vazi la taaluma.

7.0 Mikumi na Sauti ya Jukwaani

Mfano wa Kilosa usingekamilika bila jimbo jirani. Kuanzia 2015 hadi 2020 Mikumi iliwakilishwa na Joseph Haule wa CHADEMA, msanii wa muziki wa kizazi kipya anayejulikana kama Profesa Jay. Uprofesa wake ulikuwa wa jukwaani, si wa chuo. Alijipatia umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wimbo wa kejeli kuhusu mwanasiasa anayemwaga ahadi kwa wapiga kura, kisha yeye mwenyewe akawa mwombaji wa kura.

Umuhimu wake kwa mjadala huu uko katika mambo mawili. Kwanza, unaonesha kwamba ukosoaji wa utawala haukupita katika majarida ya wasomi pekee. Redio binafsi, zilizoongezeka baada ya kulegezwa kwa ukiritimba wa serikali katika miaka ya 1990, ziliufikisha ukosoaji huo hadi kwenye vijiwe. Pili, miezi michache tu baada ya yeye kuapishwa, Januari 2016, serikali ilitangaza kusitisha utangazaji wa moja kwa moja wa vikao vya Bunge kupitia televisheni ya taifa, ikitaja gharama. Mtu ambaye wakazi wa Mikumi walimsikia kwa miaka mingi redioni akawa, alipokwenda kuwasemea rasmi, hasikiki moja kwa moja.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba katika kipindi cha zaidi ya nusu karne sheria ya habari nchini imebadilika jina, vifungu na teknolojia inayoilenga, lakini imehifadhi kanuni moja: mwenye ruhusa ya kusema ni yule aliyeruhusiwa na mtendaji. Shivji aliikabili kanuni hiyo kutoka nje, akapata uhuru wa kuandika bila uwezo wa kutunga. Kabudi aliikabili kutoka ndani, akapata uwezo wa kutunga chini ya masharti ambayo hakuyaweka yeye. Tume zote mbili walizoshiriki, ya Ardhi na ya Katiba, zilifikia hitimisho linalofanana kwamba mamlaka yagawanywe, na zote mbili ziliishia katika majalada kwa sehemu iliyo muhimu zaidi.

Kwa watafiti, funzo ni kwamba historia ya sheria ya habari isomwe sambamba na historia ya sheria ya ardhi, kwa kuwa kiini cha zote mbili ni udhamini usiohojiwa. Kwa wakazi wa Kilosa na Mikumi, funzo ni la karibu zaidi. Mwanakijiji anayeulizia mpaka wa shamba la mkonge lililoachwa, na mwandishi anayeulizia leseni, wanasimama mbele ya dirisha moja. Mradi dirisha hilo linafunguliwa na mkono mmoja tu, hata mkono wa msomi hautabadili foleni iliyo nje.